Kuli wa Hadithi ya Bibi

Mwezi uliopita nilikwenda Kang'ata kwenye arobaini ya bibi yangu mzaa baba. Tumekaa uani na shangazi tunachambua mchicha, mara akaokota kijiti cha kuni na kufoka, "We kuli, toka kwenye sufuria!" Nikageuka kumtafuta huyo mwanaume mdokozi. Hapakuwa na mtu, ila mbwa mwekundu anatokomea nyuma ya choo.

"Shangazi, kumbe kuli ni mbwa?"

"Sasa ulidhani nani? Kizigua chenyewe kimekushinda!" Akacheka mpaka mchicha ukamwagika. Mimi sikucheka, na hadi leo sijui nilihisi nini.

Ngoja nikueleze, ingawa mwenyewe nimevurugikiwa. Nilizaliwa Korogwe, kwenye kambi za mkonge, ambako watu walitoka kila upande na lugha yetu sote ilikuwa Kiswahili. Kwetu kuli ni mbeba mizigo. Baba yangu alikuwa kuli, akipakia marobota ya katani, na shati lake lilinuka katani hata likifuliwa. Nilipoingia darasa la pili alikwenda Tanga kutafuta kazi bandarini, akanyamaza kimya. Mama akanipeleka kwa bibi Kang'ata kwa miezi michache, naye bibi alinisemesha Kiswahili tu.

Bibi alikuwa akisonga bada, ugali wetu wa muhogo, huku anasimulia safari ya Kobe, Kanga na Kuli. Kobe aliogopa moto wa kuchoma mashamba, akatamani miguu mirefu. Kanga aliogopa sauti yake mwenyewe, maana kila akilia wawindaji wanajua alipo. Yeye alitaka kujaliwa ukimya. Kuli hakuogopa kitu njiani isipokuwa mlango uliofungwa, na alichokitaka ni kuitwa jina lake tu. Mimi Kuli nilimwona ana robota mgongoni na shati la baba. Mtu mzima kuandamana na kobe hakukunishangaza. Hadithi ni hadithi.

"Bibi, Kuli atarudi kwao?"

"Kuli haendi mbali. Mwite jina lake, utamwona anakuja."

Hapo ndipo nilipokwama. Mtoto hamwiti baba yake kwa jina, huo ni utovu wa adabu. Nilikaa siku nyingi nikitaka kuita na nikiogopa kuita. Mwishowe, jioni moja natoka kisimani, nikatua ndoo njia panda na kuliita jina la baba kwa nguvu zangu zote. Jirani mmoja aliyekuwa akirudi na mzigo wa kuni akanisikia. Alinivuta sikio mpaka kwa bibi.

"Mama, huyu mjukuu wako anamwita baba'ake kama anaita mbuzi! Mtoto umleavyo ndivyo akuavyo."

Bibi akachukua fimbo. "Nani kakufundisha?"

"Si wewe, bibi? Ulisema Kuli akiitwa jina anarudi. Na baba ni kuli."

Nilingoja fimbo, haikuja. Aliiegemeza ukutani, akajifunga leso yake vizuri, akanishika mkono tukarudi njia panda. "Haya," alisema, "tumwite."

Baba hakurudi, si siku ile wala baadaye. Lakini neno moja la shangazi limenipangua kabisa. Bibi alijua fika kuwa Kuli wa hadithi yake ni mbwa, si mbeba mizigo. Je, alikuwa ananibembeleza? Au alikuwa na hamu hiyohiyo, akakosa ruhusa ya kuita mpaka mtoto alipokosea? Inaniuma sikuwahi kumuuliza. Nilidhani tunaelewana. Sasa kaburi lake limepita siku arobaini, na hata mwisho wa hadithi siujui, kwa sababu baada ya jioni ile hakuisimulia tena.

Ninachokijua ni hiki: mimi niliita mara tatu, nikachoka, nikaanza kuwaza bada. Bibi aliendelea kumwita mwanawe kwa jina, na ikabidi mimi ndiye nimvute mkono turudi nyumbani.