Mlango Alioboresha Baba Mdogo

Harufu ya rangi ya mafuta inanichefua mpaka leo. Asubuhi ile ilikuwa imenijaa puani, imechanganyika na vumbi la darini na mvuke wa chai ya tangawizi. Chai haikuwa yetu. Ilikuwa ya Mama Tumpe, jirani yetu wa ukuta kwa ukuta, aliyekuwa ameketi sebuleni kwake akinywa kwa utulivu hadi miguu yangu ilipotokeza juu ya kichwa chake. Nilikuwa nimevaa sare ya shule, viatu vimepigwa kiwi, rula na penseli zimo mfukoni. Ilikuwa siku ya mtihani wa kumaliza darasa la saba, na mimi nilikuwa nimening'inia kwenye dari ya watu, nusu juu, nusu chini. Mama Tumpe hakupiga kelele. Aliweka kikombe mezani, akaichunguza ile miguu, akasema, "Mwe. Hivi viatu si vya Ipyana?" Kisha dari ikaachia, nikashukia kochi lake.

Tulikuwa tunakaa Ilomba, Mbeya, kwenye kota za zamani zilizojengwa kwa mstari. Ukuta wa huyu ndio ukuta wa yule, na nyumba zote ziko chini ya bati moja refu. Ukikohoa kwako, jirani anakwambia pole kutoka kwake. Baba Mdogo Ambwene alikuja kututembelea kutoka Tukuyu, akakuta bawaba moja imelegea, basi hakuondoka tena. Hajawahi kufundishwa ufundi na mtu yeyote, ila alikuwa na nyundo na neno moja alilolipenda sana, kuboresha. Hakuwa anatengeneza kitu, yeye aliboresha. Aliboresha bomba la jikoni, likawa linatoa maji ukifungua redio. Sitanii, ukiwasha redio ukuta unatetemeka, bomba linaanza kudondosha. Aliboresha madirisha kwa kuyatia nondo nene mpaka paka wetu akahama. Mlango wa nyuma aliuziba kwa tofali ili Mama apate mahali pa kuweka kabati, tukawa tunatokea mbele na kuzunguka mstari mzima kwenda chooni, na watu wote wa kota wakajua ratiba ya tumbo la kila mmoja wetu. Mama akilalamika, Baba anajibu, "Kwa nini tuite fundi wakati fundi tunaye ndani?" Baba naye namtaja hapa kwa sababu hiyo hiyo, ingawa ni marehemu. Fundi alikuwa ndani kwa ruhusa yake.

Msimu ule wa mtihani ulikuwa wa upepo, ule upepo mkavu wa Mbeya unaoshuka na baridi na vumbi jekundu. Mimi nilikuwa nasoma kwelikweli. Mwalimu wetu alikuwa amemwambia Mama kwamba huyu akifanya mtihani, sekondari anaenda, na Mama alikuwa ameshanishonea kaptura ya sekondari akaificha sandukuni, kila mtu nyumbani akijua iko wapi. Ndipo jioni ya kuamkia mtihani Baba Mdogo akatokea na kopo la rangi ya kijani. Alisema walimu wakija kutupongeza haifai wakute mlango umepauka.

"Shemeji, mtihani ni kesho," Mama akamwambia. "Huo mlango si ungoje?"

"Shemeji, mtoto akitoka kwenye mlango mzuri, hata akili inafunguka."

Akapaka mlango, akapaka fremu, akapaka bawaba, akapaka komeo na kitasa, ndani na nje, rangi nzito kama uji wa mgonjwa. Vumbi lilipoanza kuirukia rangi yake akaufunga mlango ungali mbichi, akazungusha ufunguo, akaenda kula.

Kwa baridi ile rangi ya mafuta haikauki, inaganda. Asubuhi mlango na fremu vilikuwa kitu kimoja. Baba akavuta, mkono wa kitasa ukabaki kiganjani mwake. Akajaribu ufunguo, ukakatikia ndani. Nje majirani wakasukuma mpaka wakachoka, viganja vyao vikawa vya kijani. Baba akaingia uvunguni akatoka na shoka. Nakumbuka alivyolinyanyua. Laiti angelishusha, leo nisingekuwa naandika haya.

"Kaka, usiuvunje," Baba Mdogo akasema. "Rangi bado mbichi."

Na Baba akateremsha shoka. Aliuonea huruma mlango. Wakakubaliana kwamba kwa kuwa dari ni moja kwa kota nzima, mtoto apandishwe darini, afuate mbao hadi kwa Mama Tumpe, ashukie kwenye mfuniko wa dari ulio juu ya jiko lake. Mama alinisukuma kutoka chini akiwa analia na kuwatukana wote wawili kwa Kinyakyusa, lugha yenye nafasi ya kutosha kwa kazi hiyo. Mfuniko niliukuta. Nikaukanyaga, nikaupiga teke, wapi. Baba Mdogo alikuwa ameshamboreshea Mama Tumpe kwa kuupigilia misumari ili panya wasishuke. Nilipogeuka kutafuta njia nyingine, mguu ukakosa mbao.

Mama Tumpe alikuwa mwanamke mwema, lakini dari ile alikuwa anaipenda. Akanishika mkono. "Hutoki hapa mpaka baba yako aje aone."

"Mama, nina mtihani."

"Aje aone kwanza." Akagonga ukuta. "Baba Ipyana, njoo huku."

Sauti ya Baba ikajibu kutoka upande wa pili, "Siwezi kutoka."

"Basi na huyu hatoki."

Wakajibizana hivyo kupitia ukuta, huku mimi natazama saa ya ukutani kwake. Baadaye nikasikia shoka. Baba aliuvunja ule mlango hatimaye, si kwa ajili yangu, ila apate kuja kugombana na Mama Tumpe. Nikakimbia hadi shuleni nikiwa na utando wa buibui nywele nzima. Geti lilikuwa limefungwa. Msimamizi aliniangalia toka juu hadi chini, akauliza nimetokea wapi. Nikasema darini. Akadhani namfanyia mzaha, hakunifungulia.

Sasa niko Makongolosi machimboni, nalisha mawe ya dhahabu kwenye karasha, ile mashine ya kuyasaga, sikio moja limekwisha kwa mngurumo wake. Kaptura ile alivaa mtoto wa mtu mwingine. Baba Mdogo yuko Kihesa, Iringa, kwenye nyumba yake aliyojengewa na mafundi wa kuitwa, wanawe wote wamesoma. Mwezi uliopita nilikwenda kwenye kipaimara cha mjukuu wake. Milango yake inafunguka kwa kidole kimoja, niliijaribu yote. Nikiwa nakula, nikamsikia akinitambulisha kwa wageni. "Huyu ni mtoto wa marehemu kaka yangu. Mcheshi sana, ila shule ilimshinda."

Watu wakacheka, nami nikameza wali. Lakini nimeandika haya ili yasomwe kwenye kikao cha ukoo, yeye akiwepo, na Mama akiwepo. Sitaki aniombe radhi. Nataka asimame mbele ya wageni wale wale aseme shule haikunishinda, aseme nilifungiwa. Na kama anakataa, basi anijibu moja tu, wote wakisikia. Baba Mdogo Ambwene, nani aliufunga ule mlango?