Kurasa Tisa Nilizozibadilisha

Siku yangu ya kwanza kazini, shefu wa atelier, yaani mkuu wa karakana, alinipa beseni la herufi za chapa za madini ya risasi zilizokwisha kutumika. Kila herufi ilikuwa na kijumba chake katika kabati, nami nilipaswa kuzirudisha zote. Nilikuwa nimemaliza sekondari na kupata diploma, nimevaa shati jeupe. Kufikia saa sita lilikuwa jeusi. "Diploma imechafuka," alisema Banza, fundi wa mashine, na wote wakacheka.

Nyumba yetu ya kupiga chapa ilikuwa ndogo, kando ya reli, na sisi tulikuwa watu kumi na wawili. Baada ya miaka ya kupanga herufi, nilihamishiwa kwenye meza ya msahihishaji. Msahihishaji husoma karatasi za majaribio, huweka alama pembeni, kisha humwita mwandishi. Mwandishi akiridhika, huandika "bon à tirer", yaani kitabu kipigwe chapa, na kutia saini. Baada ya hapo hakuna anayegusa hata nukta. Hiyo ndiyo ilikuwa heshima ya kazi yetu.

"Weye njo unasoma wa kwanza, mbele ya bantu bote," shefu aliniambia. "Kukiwa neno mubaya, batauliza weye, kisha mie, kisha bale bengine."

Ulikuwa wakati wa chama kimoja, na watu wa usalama waliwachukua watu kwa magari yasiyo na namba. Mwalimu Kasongo wa mtaa wa Kampemba alituletea riwaya ya mji wa kubuni ambamo kila kitu ni cha wote: chakula, saa ya kulala, hata ndoto husimuliwa asubuhi mbele ya mtaa. Mtu mmoja anatengeneza mlango, anauweka kwenye chumba chake na kuufunga. Majirani wanakuja kumsihi, kwa sababu asipofungua hakuna atakayepewa chakula. Katika sura ya mwisho, hafungui.

Banza alisoma karatasi moja akatikisa kichwa. "Huyu anakatala salongo," alisema, akimaanisha kazi ya pamoja ya lazima. "Basi sisi bote tutaenda kumufanyia ku gereza."

Mwalimu alitia saini Ijumaa. Jumatatu, gari lisilo na namba lilisimama mbele ya lango letu, likaondoka. Labda dereva alipotea njia tu. Nikakaa mezani, nikaandika upya zile kurasa tisa za mwisho: mtu wangu alifungua mlango, akalia, akawashukuru majirani. Hakuna aliyeniamuru.

"Mwalimu mwenyewe alibadilisha?" shefu aliuliza.

"Ndiyo, shefu."

Alizichukua zile kurasa. "Muzuri. Tupige."

Kitabu kilipotoka, Mwalimu aliusoma mwisho wake akiwa amesimama kwenye kaunta.

"Mwalimu, hapa tuko bantu kumi na mbili," nilisema. "Kila muntu iko na batoto."

"Najua. Njo vile majirani balisema ku mulango."

Hakuandika kitabu kingine. Gari lile halikurudi, na mpaka leo sijui kama nilimwokoa mtu yeyote. Nilistaafu na jambo hili kifuani. Kila nikisikia gari linapunguza mwendo nje, bado naenda dirishani.

Mwaka huu nilichukua kurasa zake za asili, nilizozificha katika sanduku, nikaenda Kampemba. Macho yake yamechoka, hivyo nilimsomea zote tisa. Kisha akaomba kitabu kilichopigwa chapa, akakifungua mwishoni.

"Mwisho yangu iko na saini yangu," alisema. "Hii ya kwako haina. Tia."

"Mwalimu, bantu batajua."

"Bajue."

Msahihishaji hatii saini popote. Sikuwahi kufanya hivyo maisha yangu yote. Kalamu ilikwama mara mbili. Niliandika "bon à tirer", na chini yake jina langu kamili.

Hakusema amenisamehe. Alisogeza kitabu karibu na macho, akalisoma jina hilo kwa sauti, polepole, kama anayeita majina ya wanafunzi darasani, kisha akangoja.

"Niko, Mwalimu," nikajibu.