Kibogoyo na Kanzu ya Idd

Ilianza Jumatano, saa nne na robo asubuhi, siku ya ishirini na tisa ya mfungo wa Ramadhani, uani kwa Haji Abdala, mjini Mbarara. Saa ninayo kwa sababu niliiandika jioni ile kwenye daftari langu. Nilikuwa na miaka kumi na minne, mwaka wa kwanza wa sekondari, mtoto wa kambi ya wakimbizi ya Nakivale aliyepewa kitanda katika nyumba ya watu ili awe karibu na shule. Na siku ile nilikaa kimya pale ambapo mtu mwenye akili angepiga kelele.

Lakini ngojeni kwanza niwaambie tulivyokuwa tukifua.

Enzi zetu (chekeni tu, sasa nina kumi na minane, lakini na mimi ninazo enzi zangu) kufua kulikuwa kazi ya mwili mzima. Kule Nakivale Mama alitupeleka ziwani na furushi kichwani, na gongo la mti lililochongwa bapa. Alilaza shuka juu ya jiwe akalipiga, paa, paa, mlio ukavuka maji na kurudi. Sisi watoto tuliingizwa kwenye karai kukanyaga mablanketi, povu likitutekenya katikati ya vidole. Gauni lilikuwa moja. Likianikwa kwenye nyasi, mwenyewe ulibaki majini mpaka shingoni, midomo imekuwa myeusi kwa baridi, ukingoja likauke. Viboko walitutazama kwa mbali, nasi tukawatazama. Mama akatupigia kelele: "Msisogee! Kiboko haulizi mtu karatasi!" Wanawake wote walicheka, maana karatasi ndizo zilizotusumbua kila tulipotoka kambini.

Siku nilipoondoka kuja mjini alinifungia vitu vyangu kwenye kitenge, akanishika kidevu. "Kwa watu, Donata, macho mawili, mdomo nusu." Hakujua kwamba mimi hata hiyo nusu sikuwa nayo. Nilikuwa mtoto wa aibu. Mwalimu akiniuliza swali ninalolijua, jibu lilipanda mpaka kooni likakaa pale kama mfupa wa samaki.

Kwa Haji kulikuwa na vyombo. Ubao wa kufulia wa bati lenye mikunjo, unasugua kola mpaka vifundo vya vidole vinachubuka. Mchi wa mti wa kutwangia nguo ndani ya pipa. Pasi ya mkaa iliyotema cheche ukiipuliza vibaya. Na juu ya vyote kulikuwa na Kibogoyo. Alikuwa mashine ya kukamulia: magogo mawili ya mpira yaliyobanana kwenye fremu ya chuma, na mpini wa kuzungusha pembeni. Unaingiza nguo inayotiririka maji huku, inatoka kule bapa kama chapati. Tulimwita Kibogoyo kwa sababu alitafuna kila kitu bila jino hata moja.

Aliyempa jina hilo ni Mama Furaha, dobi wa nyumba. Alikuwa Mzaire, mkimbizi kama mimi, mama wa watoto wanne, mwenye mikono kama ya mpiga makasia na kicheko cha kuamsha mtaa. Nikitoka shule, na siku zote za likizo, nilikuwa msaidizi wake. Yeye alizungusha mpini, mimi nililisha nguo upande wa pili. Shuka likipanda kati yetu hatukuonana, kwa hiyo anayelisha ndiye anayetoa amri: zungusha, simama. Mimi sikuweza. Nilibuni njia yangu, nikagonga fremu kwa kidole. Mara moja, zungusha. Mara mbili, simama.

"Weye mutoto," Mama Furaha aliniambia kila wiki, "kinywa yako iko fasi gani? Uliiacha Nakivale?"

Nilicheka kwa pua, nikagonga mara moja.

Sasa turudi Jumatano ile ya likizo. Hajati Mariamu, mke wa Haji, alikuwa ameshonesha kanzu nne kutoka jora moja, ya Haji na za wanawe watatu, wasimame safu moja msikitini siku ya Idd. Hakuna aliyejua Idd ni lini. Mwezi ukiandama jioni ile, ingekuwa kesho. Usipoandama, keshokutwa. Kanzu zilikuwa zimetoka kwa fundi na matone ya mafuta ya cherehani, basi tukazifua, tukazisuuza, na mwisho tukazichovya kwenye maji ya buluu ili weupe wake uume macho.

Buluu ilikuwa ya vidonge, tunaifunga kwenye kifuko cha kitambaa na kukikorogea majini. Kazi yangu, na ilikuwa yangu peke yangu, ni kukitoa kifuko na kukitundika msumarini kabla nguo haijakwenda kwa Kibogoyo. Siku ile nilikuwa nikitunga kichwani barua ya kumwandikia Mama. Sikukitoa.

Kanzu ya Haji ilikuwa nzito kwa maji. Niliishika kwa mikono miwili, Mama Furaha akaanza kuzungusha mwenyewe. Mikono ya kanzu ikapita, kifua kikafuata, ndipo nikaona uvimbe mdogo, kama yai la njiwa, ndani ya kitambaa, ukielekea kwenye magogo. Nilijua ni nini. Sikuwa na kidole cha kugongea. Nilihitaji neno moja tu, na neno likanikwama.

Kibogoyo alisita kidogo. Mama Furaha akadhani ni kifungo, akakaza mkono. Tukasikia *pwaa*. Kanzu ikatoka upande wake ikiwa na mto wa buluu kifuani, mzito kama wino, unaotambaa.

Mama Furaha aliitazama kanzu, kisha akaniangalia mimi. Alikuwa amejua.

Hajati alitoka jikoni akiwa na kisu cha kumenyea vitunguu, midomo imekauka kwa swaumu. "Banange, jamani!" Kisu kikaanguka. "Kanzu ya Haji! Nani amefanya hii?"

Kuku walikuwa wakiparua. Nilisikia redio ya dukani, nilisikia maji yakidondoka kutoka kwa Kibogoyo. Mama Furaha alinisubiri. Mungu ni shahidi yangu, alinisubiri kwa muda wa kutosha mtu kusali Baba Yetu yote.

"Mimi nauliza mara moja tu," alisema Hajati.

"Ni miye, Hajati," Mama Furaha akasema. "Nilisahau kifuko ndani. Miye njo nilizungusha."

Mimi nilitazama vidole vyangu vya miguu.

Hajati hakuwa mwanamke mbaya. Alikuwa amefunga siku ishirini na tisa, ana wageni wa kulisha, na amewaambia majirani wote juu ya zile kanzu nne. "Sikia, nyabo. Hii kitu irudi nyeupe kabla ya Idd. Isiporudi, usikanyage hapa tena. Nitatafuta dobi mwenye macho."

Alipoingia ndani nilijaribu kufungua mdomo. Mama Furaha akanikata. "Nyamaza sasa, wakati ya kusema imepita. Weye bakikufukuza, shule imekwisha. Miye nitatafuta kazi ingine. Lete ndimu, na chumvi, mingi."

Buluu huogopa kitu kichachu. Tulikamua ndimu zote za uani, tukasugua na chumvi, tukaitandaza kanzu kwenye nyasi ili jua limalizie. Kila baada ya muda tuliinyunyizia tena. Saa saba wino ule ulikuwa umekuwa rangi ya anga. Saa nane, rangi ya moshi. Nikaanza kupumua. Halafu mawingu yakatoka upande wa Isingiro, yakatulia juu ya mji kama ng'ombe waliofika malishoni, na jua likaisha. Doa likagoma pale pale. Mama Furaha alisema likipata jua la nusu siku nyingine, basi litatoka.

Nusu siku. Kwa hiyo kila kitu kilikuwa mikononi mwa mwezi.

Niseme ukweli, kwa kuwa daftari halina macho. Mimi Mkatoliki, binti wa katekista, nilijifungia chooni na rozari nikaomba mwezi wa Waislamu usiandame. Nilisali makumi matano. Niliahidi mambo ambayo sijayatimiza mpaka leo. Magharibi vijana wa mtaa walipanda kilimani kuangalia, nami nikasimama mlangoni nikitazama yale mawingu niliyoyalaani mchana, sasa nikiyabembeleza yazidi. Vijana wakarudi mikono mitupu. Hawajaona kitu. Moyo ulinirukia kwa furaha, nikaona haya kuwa na furaha hiyo mbele ya watu waliofunga mwezi mzima.

Tulipokuwa tukiondoa vyombo vya futari, redio ikasema mwezi umeonekana mahali pengine.

Mtaa mzima ulilipuka kwa shangwe. Watoto walipiga masufuria. Hajati alitoka uani na taa, akainua kanzu, akaipeleka karibu na mwanga. Ule mto bado ulikuwapo, mwembamba, lakini mtu yeyote mwenye kusimama kwenye safu angeuona.

"Mama Furaha," alisema, bila kelele. Afadhali angepiga kelele. "Chukua vitu vyako."

Mama Furaha alifunga ubao wake mdogo wa kufulia ndani ya kitenge, ubao aliokuja nao mwenyewe kutoka kwao. Aliukaza mgongoni kama mtoto. Alipopita karibu yangu alinigusa bega, akasema, "Usome bien, vizuri kabisa," akatoka.

Sikula. Hajati aliniuliza kama naumwa, nikatikisa kichwa.

Siku hizi Haji ameleta mashine ya umeme kutoka Kampala. Kibogoyo ameegemezwa kwenye banda la kuku, anashikilia mlango. Zubeda, kitinda mimba wa Hajati, ana miaka kumi na kazi yake ya kufua ni kubonyeza kitufe kisha kwenda kuruka kamba. Umeme ukikatika, na hukatika, yeye na wenzake huizunguka mashine wakiitazama kama watu waliokuja kumjulia hali mgonjwa. Wape ubao wa bati, watakuuliza upande wa kuchezea ni upi. Ni watoto wazuri, nguo zao zinanukia kuliko zetu. Lakini hakuna aliyesimama upande wa pili wa shuka akiwasubiri. Ile mashine huharibu nguo peke yake, halaumiwi mtu, na hakuna anayebebeshwa kosa la mwenzake. Wakati mwingine nawaonea wivu kwa hilo. Wakati mwingine nawahurumia, kwa sababu sisi tulijuana mpaka kwenye pumzi. Nilijua Mama Furaha amelala vibaya kwa jinsi mpini ulivyozunguka.

Asubuhi ya Alhamisi takbira zilianza kabla sijaamka. Wanaume walikwenda kuswali, wana watatu kwa kanzu mpya na Haji kwa ile ya zamani, kola imekatika. Waliporudi sebule ilijaa wageni. Hajati alinipa birika la chai niwatilie. Nilitilia kikombe cha kwanza, cha pili, kikombe cha Haji. Mgeni mmoja akamtania: "Haji, wana wamekupita kwa mavazi!" Haji akacheka, akasema dobi wao alikuwa mzembe.

Niliweka birika chini kwenye zulia.

"Si yeye," nilisema.

Hawakusikia. Nikarudia, na safari hii ilitoka kubwa mno, kama ya mtu anayeita ng'ombe. "Si yeye! Kifuko cha buluu kilikuwa kazi yangu. Sikukitoa. Na nilikiona kikiingia, sikusema."

Hajati alikuwa mlangoni na sinia la pilau.

"Mwanangu," Haji alisema, "mbona hukusema jana?"

"Niliogopa kurudishwa Nakivale."

"Na sasa huogopi?" Hajati akauliza.

"Naogopa."

Hajati aliweka sinia chini, akachukua bakuli, akalijaza pilau, akatia nyama, akaongeza tena nyama, akafunika kwa sahani. "Mpelekee. Mwambie Jumamosi arudi. Nguo utafua wewe, muhula mzima, yeye atakaa kwenye kiti na kukuelekeza. Na umwambie..." Akasita, mbele ya wageni wake. "Mwambie Hajati anasema alikosea. Nenda kabla pilau haijapoa."

Nilikwenda kwa miguu na bakuli kichwani, nikipita watoto wenye nguo mpya, mpaka chumba cha Mama Furaha nyuma ya soko la ndizi. Mlango ulikuwa umefungwa. Ndani nilisikia kamba ikikazwa kwenye mzigo.

"Hodi!" niliita.

Kamba ikaacha kukazwa. "Ni nani huyo? Hiyo sauti siijue."

"Ni Donata! Ni mimi, Mama, Donata!" Jirani mmoja alitoa kichwa dirishani. Nami sikungoja anifungulie, nilianza kumweleza pale pale nje, yote, tangu kifuko.