Alimfundisha muuza viatu Kiingereza, wateja wakamponyoka

Saa mbili asubuhi, mtaa wa Zhanxi, Guangzhou. Mlango wa bati wa duka la viatu umepandishwa nusu. Njambi Gitau ameketi juu ya katoni ya ndara, anamsomesha Kiingereza Xiaolan, binti anayeuza hapo.

"Always the price is good," anasema Xiaolan.

"Hapana! Always ni kama mama mkwe," Njambi anamjibu kwa Kichina. "Kitendo chochote, yeye hutangulia. Ila akimkuta 'is' mlangoni, hukaa nyuma yake, kimya. Haya, rudia."

"The price is always good."

"Naam! Sasa waweza kuolewa."

Xiaolan anacheka mpaka anajishika mbavu. Njambi anatabasamu upande mmoja tu wa mdomo.

Mwana huyu wa Nairobi alifika hapa mwaka 2003 kununua viatu. Mtaji ukakauka, Kichina kikabaki, akawa mkalimani. Huwaongoza wafanyabiashara wa kwetu madukani na kuwapatania bei. Nalo duka, kwa desturi ya soko, humtupia chochote kwa kila katoni.

Mwaka juzi alikuwa na wateja kumi na wawili. Leo, 2007, kabaki na mmoja: Mwatima, mama wa Mombasa.

"Nilijichimbia kaburi mwenyewe," anasema. "Nilichoka kutafsiri hata salamu. Nikasema, mabinti wa madukani wajue maneno mawili matatu, nami nipumue. Malipo yangu chai na maandazi ya mvuke. Nikanenepa, nikajiona mjanja. Ukimfundisha paka kufunua chungu, nyama usiiulize."

Saa nne Mwatima anaingia, buibui limejaa vumbi la mikokoteni. Siku zote mbele ya kaunta huwekwa vigoda viwili, cha mteja na cha mkalimani. Leo kipo kimoja.

"Mama, I always keep the new ones for you," anasema Xiaolan, bila kujikwaa.

"Ala! Huyu mbona nasikizana naye!" Mwatima anaketi. "Mwanangu Njambi, usinune. Nenda kapumzishe miguu."

"Niipumzishe juu ya nini, mama? Kigoda umekikalia."

"Mdomo huo! Haya, tutaonana."

Bei inapatanwa, katoni zinafungwa, na Njambi bado kasimama pale kama mwavuli wa jana. Anapotoka, Xiaolan anamkimbilia na mfuko wa maandazi ya moto.

"Mwalimu, kesho utakuja?"

Njambi anautazama mfuko. Hakunywa chai asubuhi. Anaurudisha.

Kabla ya mwaka kwisha anataka kurudi Nairobi, apange chumba kimoja, awafundishe Kichina wafanyabiashara wanaojiandaa kuja huku.

Na wakalimani watakaobaki Guangzhou, wateja wakijua Kichina, watakula nini?

"Wamwulize Xiaolan, maandazi anayo," anasema Njambi. "Mimi mwanafunzi wangu ataniacha tu, najua. Lakini safari hii ataniacha ada ikiwa mfukoni mwangu."