Jiwe la Babu na Vigae Vyeupe

Kijijini kwetu, kwenye barabara ya kutoka Lodwar kwenda Kakuma, kulikuwa na rundo la mawe ambalo mgeni angedhani limeachwa na wajenzi wavivu. Lilikuwa kumbukumbu yetu ya vita. Bibi yangu ndiye aliyeweka jiwe la kwanza. Wazungu walikuwa wakipigana huko kaskazini, mpakani na Abisinia, wakataka ngamia wa kuwabebea askari maji, na ngamia haendi bila mwenyewe. Babu akachukuliwa pamoja na wanaume wengine wa hapa. Mama alikuwa bado tumboni.

Baadhi ya ngamia walirudi. Babu hakurudi, wala hakuna aliyejua amelala wapi. Bibi akaokota jiwe jeusi kwenye laga, mto wetu usio na maji, akalitemea mate ya baraka na kuliweka pale alipomwona mumewe mara ya mwisho. Wake wa wale wengine wakafuata. Baadaye ikawa desturi: ukipita, unaongeza lako. Mimi nimeongeza mengi nikienda shule, mengine kwa kisirani, maana nilikuwa nimechelewa na Mama ananitazama.

Miaka michache iliyopita lami ilifika, na rundo lilikuwa katikati ya njia yake. Kijiji kikaunda kamati, nayo kamati ikaamua kujenga mnara wa kisasa kando ya barabara. Mawe ya zamani yangemwagwa kwenye msingi. Mama hakubishana na mtu. Alitangulia tu asubuhi kabla mawe hayajamwagwa, akachomoa jiwe jeusi la mama yake na kulificha chini ya kitanda, akingoja mnara ukamilike. Macho yake yalikuwa yameanza kuingia ukungu. Alitaka kumrudisha baba yake mahali pake kwa mkono wake mwenyewe, akiwa bado anaona.

Siku mnara ulipokamilika, nilikuja kutoka Lodwar nimsindikize. Nilipouona nilicheka kwanza. Vigae vyeupe kutoka juu hadi chini, vinang'aa kama bafu la hoteli. Kileleni, usawa wa kifua changu, kulikuwa na mteremko pande zote. Mama akaweka jiwe lake. Likateleza, likaanguka mchangani. Akaliokota, akaliweka tena, likaanguka tena. Watu wakaanza kutazama pembeni.

"Baba amekataa," Mama akasema. "Hii nyumba hataki."

Nyumbani alikaa na jiwe mapajani, chai ikapoa mbele yake. Kesho yake hivyo hivyo. Mama yangu ni mtu wa maneno mengi, kuanzia alfajiri anawasema mbuzi, majirani na serikali, kwa hiyo ule ukimya ulinitia hofu kweli. Nikaenda kwa mwenyekiti wa kamati, mwenye duka jirani yetu, damu ikinichemka.

"Mnara gani huu haukubali jiwe?"

"Dada yangu, hii ni ya kuangalia tu. Hiyo mteremko tuliweka ndio maji isikae juu."

"Maji gani? Hapa?"

Hata yeye alicheka. Lakini akasema wageni wa uzinduzi wamekwisha alikwa, na kuvunja vigae vipya ni aibu. Nikamjibu maneno ambayo sitayaandika hapa. Mwishoni nikamwambia, "Basi hiyo aibu nenda umweleze Mama mwenyewe."

Akaja kweli, akaketi kwenye kigoda, akamsalimu Mama kwa Kiturkana.

"Ejok, Mama."

"Ejok nooi. Babu yako alienda na baba yangu siku ile ile. Jiwe yake uliweka wapi?"

Jiwe la babu ya mwenyekiti lilikuwa chini ya saruji pamoja na mengine yote, na mwenye kuamuru limwagwe humo ni yeye. Mwenyekiti akavua kofia yake. Kisha akatoa simu, akampigia fundi.

Fundi alikuwa mkimbizi kutoka Sudan Kusini, anaishi kambini Kakuma. Alipopata kibali cha kutoka kambini akaja na nyundo na mfuko wa saruji. Nilikuwa nimejiandaa kumgombeza, ila alinimaliza nguvu aliposema, "Mimi waliniambia ni ya kupendeza barabara. Watu ya vita, hakuna mtu alisema."

Akabomoa kilele, akakisawazisha na kukizungushia ukingo mfupi kama wa sinia. Saruji ilipokauka nilimshika Mama mkono. Akalitemea jiwe mate, akaliweka, akarudi nyuma hatua moja na kungoja, utadhani anangoja mtoto ajifunze kusimama. Halikusogea. Nililia mbele ya watu wote na sikujali. Mwenyekiti akaleta jiwe lake kutoka laga, jipya, la babu yake.

Fundi alikuwa bado anakusanya vyombo vyake. Akainama, akaokota kokoto, akasimama nayo.

"Mama, mgeni anaweza weka? Ndugu yangu alikufa kwa vita ya kwetu. Kaburi hakuna."

Mama akanyoosha mkono. Akalitemea lile jiwe mate kama alivyolitemea la baba yake, akamrudishia. "Weka karibu na mzee."

Habari zilifika Kakuma kabla ya wageni wa uzinduzi kufika kwetu. Siku hizi watu wa kambini wanaoshuka Lodwar husimamisha gari pale, na madereva wa malori nao. Rundo limefurika ukingo, linashuka ubavuni, na mwenyekiti hulalamika kwamba vigae vyake havionekani tena.

Mama sasa haoni kabisa. Kila nikimtembelea hunitaka nimpeleke. Juzi alipenyeza vidole taratibu kati ya mawe ya watu nisiowajua, hadi akaligusa lile jeusi chini ya yote.

"Alibaki huko na ngamia tu," akasema. "Sasa amepata watu."