Shikamoo ya Nyapara

Nyapara wa shamba la mkonge alikofanya kazi mama yangu, nje kidogo ya Kilosa, alikuwa na vinywa vitatu. Akiitwa na meneja mzungu, sauti ilimkonda: "Ndiyo bwana, ndiyo bwana." Msikitini alizungumza taratibu, kwa maneno ya heshima. Kwa wanawake walioanika singa za mkonge hakuwa na salamu. Alikuwa na neno moja: "We!"

Mdogo wangu aliposhikwa na surua, mama alikwenda kuomba ruhusa, akiwa amenishika mkono. Mama alimzidi umri yule mtu. Angeweza kuwa dada yake mkubwa. Hata hivyo alipiga goti, akasema, "Shikamoo, baba."

Hakuitikia. Alimtazama miguu, akasema, "We! Mkonge utajianika?"

Mama akarudi kazini. Mdogo wangu alipona kwa kudra za Mungu, lakini ile shikamoo isiyoitikiwa haikunitoka moyoni. Nilikwenda nayo shule, nikakua nayo.

Ujamaa ulipokuja tulihamishiwa kijiji kipya upande wa Malolo. Shamba lilikuwa limefungwa, na nyapara naye akashushwa kwenye lori na magodoro yake kama sisi. Haukupita muda akapata kinywa cha nne. Mikutanoni alisimama na kusema, "Ndugu zangu wanakijiji, sote ni sawa." Neno hilo "ndugu" alilitamka vizuri kuliko katibu wa tawi.

Kwa kuwa nilikuwa nimesoma, kijiji kilinikabidhi duka la ushirika. Sukari ilikuwa adimu, kwa hiyo kila mtu alinijia na sauti ya upole. Siku moja akaja yeye. Mama alikuwa amekaa mlangoni, akichambua kunde.

"Mwanangu mzuri," aliniambia, "nina wageni kutoka Munisagara. Nifikirie na mimi."

Nikamjibu kwa sauti ya kusikika foleni nzima: "Ndugu, umempita mkubwa wako mlangoni. Hapa mtu huamkia kwanza."

Foleni ikamtazama. Akageuka, jasho likimtoka shingoni. "Shikamoo, mama," alisema chinichini.

"Hajasikia," nikasema.

"Shikamoo, mama!"

Nilitamani mama anyamaze. Nilikuwa nimekingoja kimya hicho tangu utoto. Lakini mama aliweka ungo chini, akaitikia, "Marahaba, baba. Watoto hawajambo?"

Jioni alinisema kwa Kingoni, lugha aliyoiweka kwa hasira za kweli. Alisema yeye alishasamehe zamani, kwa hiyo nisijifanye ninamlipizia yeye.

"Basi najilipizia mimi," nilimjibu.

Sikuacha. Kila nyapara alipokuja, sikugusa mizani mpaka amwamkie mama kwa sauti. Akaanza kumtuma mkewe. Huyo nilimpimia vizuri na kumwita shangazi, maana sikuwa na ugomvi naye. Mwishowe nyapara alihamia Mikumi, kwa mwanawe aliyefungua mgahawa kando ya barabara ya Iringa. Watu walisema nimemfukuza kwa maneno. Sikukanusha.

Siku ya kuondoka kwao mama aliwapelekea unga. Mimi nilifunga duka mapema, nikapika wali kwa nazi, nikala mpaka nikashiba.