Meno ya Dede

Sisi tuliopigwa picha tukiwa bado na sare ya shule tunajua kitu kimoja: picha ilikuwa inangojewa. Leo mtoto anajipiga mwenyewe kwa simu mbele ya sahani, hata mikono hajanawa, na sura inatoka imepauka, masikio ya sungura juu. Wakati wetu hapana. Nilisoma sekondari Koboko, kaskazini-magharibi ya Uganda, na aliyepigwa picha muhula huu aliuona uso wake muhula unaofuata. Unakaa likizo nzima hujui kama ulifumba macho.

Mpigaji nilikuwa mimi. Kamera ilikuwa ya Mama Vumilia, Mkongo aliyetoka Ariwara akafungua studio Arua, nyuma ya soko. Mama yangu aliuza samaki wakavu mbele ya mlango wake, na mimi nikaingia kwa mlango huo huo. Likizo nilimfagilia studio, akanifundisha kupiga picha, halafu kuzitengeneza kwenye kompyuta. Shule ikifunguliwa alinikabidhi kamera ndogo imevikwa soksi, na onyo lake: "Ikianguka, na wewe uanguke hapo hapo. Usirudi kwangu."

Siku yenyewe ilikuwa Jumapili baada ya sala. Wasichana walipiga sare pasi kwa kikombe cha chuma chenye makaa ndani, wakajipaka vaseline mpaka magotini, wakapanga mstari kwenye ukuta wa jikoni kwa sababu ndio uliokuwa mweupe. Harufu ya posho, ugali wetu wa shule, na maharage ilikuwa nyuma yetu. Saa ya mkononi ilikuwa moja, ya binti mmoja ambaye baba yake alibadilisha pesa Oraba, mpakani. Ilihama mkono hadi mkono. Ukizikusanya picha zote za darasa letu utafikiri shule iligawa saa. Na hakuna aliyecheka. Kucheka mbele ya kamera kulikuwa kupoteza karatasi. Tulisimama kama watu wanaosomewa hukumu.

Kazi yenyewe ilikuwa Arua, likizo. Umeme wa wakati ule mnaukumbuka: unakuja, unakusalimia, unaondoka. Umetengeneza uso wa mtu asubuhi nzima, hujahifadhi, pap, giza. Mama Vumilia alinifundisha kuhifadhi kila nikivuta pumzi. Alinifundisha kumtoa mtu kwenye ukuta wa jikoni na kumweka mbele ya ndege au ghorofa za Kampala, na kumvisha koti mtu aliyekuja na fulana ya kampeni. Yote hayo aliruhusu. Lakini uso ulikuwa na sheria yake, akaisema kila siku mpaka nikaichoka:

"Kitu itaondoka yenyewe, toa. Kitu mutu atazikwa nayo, wacha."

Maana yake chunusi toa, vumbi toa, jasho toa. Kovu wacha. Jicho lenye mtoto wa jicho wacha. Weusi wa mtu usiuguse kabisa. Kulikuwa na wateja waliotaka weupe, akawajibu, "Sura ya mutu si ukuta. Hapa hatupake chokaa." Wengine walikasirika wakaenda kwingine. Akawaacha waende.

Sasa dede wangu. Kwa wasio wa kwetu, dede ni bibi. Alikaa Inde, barabara ya kusini, akilima mihogo. Paji lake la uso lilikuwa na alama za zamani, vinundu vilivyoinuka mstari juu ya mstari, na meno ya mbele ya chini hakuwa nayo. Hakuyapoteza. Yalitolewa akiwa msichana, kama walivyofanyiwa wenzake wote, na binti aliyebaki nayo hakuhesabiwa mkubwa. Lakini mjini watoto walimcheka, basi akiwa Arua alizungumza na mkono mdomoni.

Likizo moja nikaenda Inde na kamera. Akajifunga kitenge cha kanisani, akaketi kwenye kigoda, mdomo ameufunga kama mfuko wa chumvi. Nikamwambia kwa sauti ya mtaalamu, "Dede, usitikisike. Usipumue."

"Nisipumue? Mimi iko maiti?"

Akacheka. Akacheka vibaya, kichwa nyuma kidogo, mkono ulisahau kupanda, pengo lote nje. Nikabonyeza. Ndiyo picha pekee ya dede akiwa anacheka, na kwa kweli ndiyo picha yake pekee.

Kwenye kompyuta tuliona nzi ametua shavuni. Mama Vumilia akamwangalia yule nzi kwa muda. "Nzi itaondoka. Toa." Nikamtoa. Hicho tu ndicho kilichotoka. Dede alipopewa picha yake aliigeuza nyuma kuona kama kuna kitu zaidi, halafu akasema, "Ni mimi." Akaiweka ndani ya kopo la majani ya chai, na huko ilikaa mpaka alipofariki. Mama Vumilia alirudi kwao na kompyuta yake, kwa hiyo ikabaki karatasi hiyo moja.

Mwaka huu ukoo umejengea kaburi la dede. Sala zilipangwa Jumamosi, na picha kubwa ilitakiwa iwekwe pale. Mpigaji ni mimi, basi kazi ikaniangukia. Sina kompyuta, nina mtoto mgongoni na nyanya sokoni. Nikaipeleka karatasi kwenye studio moja ya vijana mjini. Maji yalikuwa yamekula pembe moja, nikasema wasafishe hapo tu na waikuze. Hapo tu. Nilisema mara mbili.

Ijumaa nikaenda kuichukua na shangazi yangu, binti wa dede, pamoja na mwanangu Driciru wa miaka sita. Kijana akafunua picha kama mtu anayefunua keki ya harusi. Shangazi akaitazama, akanitazama mimi.

"Huyu ni mke wa nani?"

Mwanamke mweupe, paji laini kama yai, meno kamili juu na chini. Kitenge tu ndicho kilichokuwa cha dede.

"Nimeweka na meno, mama," kijana akasema, anatabasamu. "Hiyo nimekupa bure."

"Nani alikuomba meno?"

"Si naona tu? Mzee hana ya chini, nikamsaidia."

"Umetoa kwa nani?"

"Kwa mwanamke moja wa intaneti."

Shangazi akaketi chini. "Basi kesho tutaombea mwanamke wa intaneti," akasema. "Tumwite na ndugu zake waje wale."

Mimi sikucheka, na mpaka leo sijacheka. Niliona kesho yake watoto wote wa ukoo wamesimama mbele ya mtu asiyekuwepo, na Driciru, ambaye dede alikufa kabla hajazaliwa, anaambiwa huyo ndiye bibi wa mama yako. Angemjua kwa meno ya mtu mwingine. Nikamwambia kijana, "Simama." Akasimama. Nikaketi kwenye kiti chake na mtoto mgongoni.

Programu zimebadilika, lakini uso ni uso. Niliiskani upya ile karatasi. Nikaziba pembe iliyoliwa na maji, taratibu, nikihifadhi kila nikivuta pumzi. Kijana akaniambia, "Mama, umeme iko, hakuna haja." Nikaendelea kuhifadhi. Akanyoosha kidole kwenye paji: "Na hizi vidonda?" Nikaupiga kidole chake.

Karatasi ilipotoka kwenye mashine bado ina joto, Driciru akapenya chini ya mkono wangu. Huyu mtoto meno yake mawili ya chini yalikuwa yametoka wiki ile. Shuleni wamempa majina, na tangu hapo anaongea na mkono mdomoni. Akatazama picha. Mkono ukashuka.

"Mama, dede naye yametoka?"

"Yalitoka."

"Na anacheka?"

Shangazi akaanza kulia, kisha akamwambia kijana alete kiti cha maana, watu wazima wanakaa.

Nikachukua kamera ya kijana bila kuomba, nikampiga Driciru pale pale, mbele ya ukuta, mdomo wazi. Kijana amejifunza, akauliza kwa heshima, "Hii nayo tuache?" Kwa sheria ya Mama Vumilia pengo la mtoto ni la kuondoka lenyewe. Ningeruhusiwa kuliziba.

Nikamwambia aache.

Simu yangu ina picha za Driciru nyingi kuliko nywele zake, na katika nusu yazo ana masikio ya sungura. Ya karatasi ana moja tu. Nimeitia ndani ya kopo la dede.